Dirisha la Mbele: Mhadhara juu ya Maduka Madogo ya Jang'ombe



Nimepewa heshima ya kuzungumza juu ya maduka madogo yanayofunguliwa na yanayofungwa katika Jang'ombe yetu, na ili nisiwapotezee wakati nitasema tangu mwanzo kwamba sikukusudia maduka ya jumla ya Darajani, wala yale ya Michenzani yenye vioo na viyoyozi, wala masoko mapya ya Mwanakwerekwe na Jumbi ambayo serikali imeyajenga kwa gharama kubwa na ambayo yana wasemaji wake. Nakusudia dirisha lililotobolewa katika chumba cha mbele cha nyumba ya kukaa, likatiwa nondo na ubao wa kuegemea, na nyuma yake akakaa mama mtu mzima, au kijana aliyemaliza skuli, au mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, akawa anauza sukari nusu robo, mafuta ya kula ya kupima, sabuni ya kipande, ndimu, viberiti na ubuyu wa watoto. Duka kama hilo aghalabu halina kibao. Hujulikana kwa jina la mwenyewe, na pengine kwa jina la marehemu aliyelianzisha. Likifunguliwa hakuna utepe unaokatwa, na likifungwa hakuna gazeti linaloandika, ingawa nyumba thelathini zinazolizunguka hulijua jambo hilo kabla ya adhana ya magharibi.

Rai yangu, ambayo naomba mnipe subira niithibitishe, ni kwamba duka la dirishani halikupata kuishi Jang'ombe kwa wingi wa faida, kwa kuwa faida yake siku zote ilikuwa haba. Liliishi kwa sababu lilikaa chini ya paa moja na nyumba ya mwenyewe, likawa halina kodi ya kulipa, na muuzaji wake alikuwa jirani kabla hajawa muuzaji. Basi siku duka linapotengwa na nyumba, ama kwa nyumba kuuzwa, ama kwa kuvunjwa ili pajengwe ghorofa, ama kwa mwenyewe kuhamia Fuoni, duka hilo hufa hata kama wanunuzi wangali wamesimama barazani wakingoja lifunguliwe.

Ili jambo hili lidhihirike ni lazima tuitazame nyumba yenyewe. Mji wa Unguja kwa muda mrefu ulikuwa pande mbili zilizogawanywa na hori la bahari: magharibi Mji Mkongwe, uliojengwa kwa mawe na chokaa, na mashariki Ng'ambo, iliyojengwa kwa miti, udongo na makuti, hori hilo likafukiwa kidogo kidogo mpaka mahali pake pakawa barabara ipitayo Darajani, lakini tofauti ya nyumba haikufukiwa pamoja nalo. Nyumba ya Ng'ambo, na Jang'ombe ni Ng'ambo, ina baraza mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma kwa kupikia na kufulia. Chumba kimoja kati ya vile vya mbele huelekea njia, na ukuta wake, uwe wa udongo au wa matofali ya saruji, hutobolewa kwa siku moja. Waliotutangulia hawakuipanga nyumba hiyo kwa ajili ya biashara, walakini sijaona mpango uliolifaa duka dogo kuliko huo, kwa kuwa mwenye duka huweza kupika huku anauza, kulea huku anauza, na kuuguza mzazi huku anauza, na akisikia hodi ya mtoto aliyetumwa chumvi akatoka ukumbini akampa, akarudi kukoroga mchuzi wake kabla haujaungua.

Juu ya nyumba kuna habari ya ardhi, nayo ni habari ambayo vijana wengi wa leo hawakuhadithiwa. Viwanja vya Ng'ambo vilikuwa na wenyewe, baadhi yao matajiri wa mjini, na vingine vilikuwa wakfu, na aliyejenga alimiliki nyumba bila ya kumiliki ardhi iliyoibeba. Kodi za viwanja hivyo zilipokuwa nzito katika miaka ya 1920, watu wa Ng'ambo waligoma kuzilipa mwaka 1928, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi waliokuwa na nyumba zao wenyewe. Wakakamatwa baadhi yao, ghasia zikatokea, na mwisho serikali ya wakati ule ikalazimika kuingia kati na kuzizuia kodi zisipande ovyo. Naitaja habari hiyo kwa makusudi, kwani wale waliogoma walifahamu jambo ambalo wataalamu wa mipango miji hulisahau mara kwa mara, kwamba maskini mwenye paa lisilolipiwa kodi ana mtaji, na maskini anayelipia paa lake kila mwezi hana mtaji hata akiwa na fedha mkononi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikatangazwa kuwa mali ya serikali, kodi za wenye viwanja zikakoma, na aliyekuwa na nyumba Jang'ombe akabaki na chumba cha mbele ambacho hakuna aliyemdai kwacho senti moja.

Hata hivyo haikuwa kwamba madirisha yalitobolewa siku ile ile. Kabla ya Mapinduzi biashara ya rejareja ya Ng'ambo ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wahindi, Wamanga na Washihiri, watu waliokaa miongoni mwetu, waliokopesha na waliodai, waliopendwa na waliochukiwa. Na baada ya uchaguzi wa Julai 1957 siasa iliingia hata katika kilo ya mchele, wafuasi wa chama cha Afro-Shirazi wakayasusa maduka ya watu wa upande wa pili, na wakajaribu kuanzisha maduka yao ya ushirika. Katika siku za Januari 1964 maduka mengi yalivunjwa, na wenyewe wengine waliuawa na wengine walikimbia wasirudi tena. Jeraha hilo haliwezi kupitwa kimya na mtu anayezungumza juu ya maduka ya Ng'ambo, kwa kuwa waliouawa walikuwa majirani, na madaftari yaliyochanika siku zile yalikuwa na majina ya babu zetu.

Miaka iliyofuata biashara ilikuwa ya serikali. Shirika la Bizanje liliagiza bidhaa kutoka nje, maduka ya umma yaligawa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu walipanga foleni ya unga, ya sukari na ya mchele, wengine wakiweka mawe na vikapu katika mstari tangu alfajiri kushika nafasi zao. Muuzaji wa dirishani hakuwa na nafasi katika utaratibu huo, isipokuwa kwa kuuza mazao ya mikono yake, yaani vitumbua, mikate ya mofa, kashata na kahawa. Bei ya karafuu ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hazina ikakosa fedha za kigeni, utaratibu wenyewe ulielemewa. Ndipo katika urais wa Zanzibar wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ulioanza Januari 1984, mlango wa biashara ya watu binafsi ulipofunguliwa. Wazee watakumbuka jinsi vitambaa, sabuni na redio zilivyoingia kutoka Dubai, na jinsi kuta za Jang'ombe zilivyoanza kutobolewa, Urusi, Matarumbeta na kwingineko, kila mwenye chumba cha mbele akitafuta fundi na nondo.

Naomba sasa tulichukue dirisha moja, ambalo nimelijua tangu wakati huo na ambalo mwenyewe nitamsitiri, kwa kuwa historia yake ni historia ya madirisha mengi. Lilitobolewa na mjane aliyeachiwa nyumba na watoto, na mtaji wake ulikuwa gunia moja la mkaa, aliouuza kwa kopo, na debe la mafuta ya taa, aliyoyauza kwa chupa. Mwanawe mkubwa alipofika umri wa kujitegemea alitia rafu ukutani, akanunua mashine mbili za kaseti, akawa anawarekodia watu kanda za taarabu na za mawaidha, mama akiendelea na mkaa wake upande wa chini wa dirisha lile lile. Kaseti zilipokwisha wakati wake, yakaja mambo ya simu: kwanza simu ya mezani ambayo watu waliilipia kwa dakika, halafu vocha, halafu uwakala wa Ezypesa, ambao uliwafanya watu wa mtaa wapokee pale pale dirishani fedha walizotumiwa na jamaa zao wa Pemba, Dar es Salaam na Muskat. Mjukuu ameongeza mitungi ya gesi, na mkaa wa bibi umetoka mlangoni kabisa. Dirisha ni moja, ubao wa kuegemea ni ule ule uliochongwa na fundi aliyekwisha kufariki, lakini biashara zilizofunguliwa na kufungwa nyuma yake ni nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja. Na kila biashara iliyofungwa ilifungwa bila ya mtu kufilisika, kwa sababu hakukuwa na mwenye fremu ya kupangisha aliyesimama nje akidai kodi ya miezi sita mbele.

Hapa nitatua kidogo katika mtihani mmoja, kwa sababu unaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko hoja zangu zote. Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima, tukakaa gizani karibu mwezi mmoja. Na Disemba 2009 ukakatika tena, safari hii giza likaendelea mpaka Machi 2010, miezi mitatu kamili. Walioishi wakati ule hawana haja ya kuelezwa. Pampu za maji zilisimama, maji yakawa yanauzwa kwa madumu juu ya magari ya mikono. Mafriji yakafunguliwa milango yasinuke. Samaki aliyevuliwa usiku alikuwa auzwe kabla ya adhuhuri au atupwe. Vinyozi wa mashine wakarudi kwenye mkasi. Na mafundi cherehani waliokuwa wamenunua mashine za umeme wakaziazima zile za kukanyaga kutoka kwa mama zao. Wauza barafu na malai, biashara iliyokuwa imeenea sana miongoni mwa kina mama wenye friji, walipoteza kila kitu kwa siku moja.

Nilipita mitaani mwetu katika miezi ile nikitazama ni nani amefunga na nani amebaki, na mpangilio wake ulikuwa wazi mno hata mtoto angeuona. Waliopanga fremu barabarani walifunga mmoja baada ya mmoja, kwa kuwa jenereta ilikula faida na kodi ikala mtaji. Waliokuwa madirishani kwao walibaki. Mama wa malai alitoa barafu akatia mishumaa, viberiti na mafuta ya taa. Kijana wa kanda na simu akaazima jenereta ndogo kwa mjomba wake, akawa anawachajia watu simu zao kwa malipo madogo, na jioni mtaa mzima ulikuwa barazani kwake ukingoja simu zijae na kuzungumza habari za mpira, mashabiki wa Taifa ya Jang'ombe huku na wa Jang'ombe Boys kule. Sina shaka kwamba wale waliofunga walikuwa wafanyabiashara hodari sawa na waliobaki, na baadhi yao walikuwa hodari zaidi. Walichokosa ni paa lao wenyewe. Mwaka 2013 ulianza kazi waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 na neema ikarudi, lakini wengi katika wale waliofunga hawakufungua tena.

Jambo la pili ambalo paa hulipa duka ni uwezo wa kungoja, na kungoja ndiyo roho ya kukopesha. Biashara ya dirishani husimama juu ya mikopo miwili inayotazamana: mwenye duka huchukua bidhaa kwa mali kauli kutoka kwa mfanyabiashara wa jumla wa Darajani au Mlandege, akaahidi kulipa atakapouza, naye huwapa majirani kwa daftari mpaka mishahara itoke au mpaka mvuvi arudi na kitu. Hakuna riba katika daftari hilo, na bei ya mkopo ni ile ile ya taslimu. Dhamana yake ni kule kujulikana tu, kwamba fulani ni mtoto wa fulani na nyumba yao ni ile pale. Nimeona daftari likilisha nyumba yenye mgonjwa kwa miezi, na nimeona siku ya mazishi mwenye duka akilifuta deni la marehemu mbele ya warithi. Nimeona pia, na insafu inanilazimu niseme, maduka yaliyouawa na daftari, kwa wadaiwa waliokuwa na uwezo na wakaona haya kidogo kuliko ilivyowapasa, wakawa wanapita njia ya nyuma kwenda kununua kwa taslimu kwengine. Mnaojijua mmo hapa, nami nawasihi kwa mapenzi mwende mkalipe.

Vilevile sitawaficha kwamba maskini anayenunua mafuta kwa kipimo kidogo cha dirishani hulipa, kwa jumla ya mwezi, zaidi ya tajiri anayechukua dumu zima Darajani. Hii ni dhulma ya umaskini, na duka dogo halikuianzisha. Lakini haiondoki kwa kulifunga, kwa kuwa mtu mwenye shilingi mia tano mkononi, watoto wakiwa wanalia, haendi Darajani.

Sasa niseme juu ya kufungwa. Yako maduka yanayofungwa kwa sababu kitu chenyewe kimepitwa na wakati, na juu ya hayo sina malalamiko. Fundi wa redio, fundi wa saa, studio ya picha za rangi, kibanda cha kuazima kanda za video: kila mmoja wao alitufaa, na kila mmoja alipokonywa kazi na kisimu kidogo cha mfukoni, na fundi simu aliyekaa mahali pao ni mwanafunzi wao wa halali. Zaidi nawahurumia mafundi cherehani na washonaji wa kofia za vito, kwa kuwa kazi yao haikupitwa na wakati: mabaibui yangali yanavaliwa na kofia zingali zinavaliwa, ila baibui hutoka Dubai tayari limeshonwa na kofia hutoka kiwandani mbali, na mama aliyekuwa akikaa miezi juu ya kofia moja hawezi kushindana na mashine kwa bei. Wamebaki na mwezi wa Ramadhani, wakati watu wanapotaka nguo za Idd zilizowakaa mwilini. Na kwa fundi mwenye dirisha lake mwezi mmoja wa kazi nyingi unatosha kumvusha miezi mingine ya ukame, hali ambayo fundi wa fremu hawezi kuivumilia.

Yako mengine yanayofungwa kwa sababu wanunuzi wamehama. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na sensa ya 2022 ikawahesabu 893,169, yaani nusu nzima imeongezeka kwa miaka kumi. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda wilaya za Magharibi, Fuoni na Mwanakwerekwe na huko Chukwani, ambako watoto wetu wamepata viwanja, na vijana wanaooa hawarudi kununua sukari kwa bibi yao. Na upande wa pili, tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, utalii umezidi kuyageuza maduka ya huko kuwa ya vinyago, viungo na mikufu, wenyeji wake wengi wakatoka, na Ng'ambo imepokea baadhi yao pamoja na wafanyakazi wa hoteli kutoka Bara wanaopanga vyumba vyetu. Wageni hawa ni wanunuzi wazuri, wanaolipa taslimu, na wengine wao wamefungua vibanda vya chipsi, saluni na sehemu za kuchapa karatasi. Mtaa unaowakataa hujikata mkono wake wenyewe. Ukitazama hesabu hiyo kwa jumla, waliotoka na walioingia, utaona kwamba Jang'ombe haikukosa wanunuzi. Imepungukiwa na vyumba vya mbele.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 1968, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ulichorwa mpango wa kuijenga upya Ng'ambo kwa majumba marefu, na Michenzani ikawa kielelezo chake. Nia ilikuwa njema, nami nawaheshimu waliobeba matofali kwa kujitolea. Watu waliotoka katika nyumba za udongo walipata vyoo, umeme na maji ya bomba. Lakini aliyepewa nyumba ghorofa ya nne hana dirisha linaloelekea njia, na baraza likabaki chini wakati mwenye nyumba yuko juu. Mama aliyekuwa akiuza vitumbua mlangoni pake akawa ateremke na jiko, na meza, na mtoto, na apande navyo tena, na wengi wakaacha. Miaka ya karibuni majirani zetu wa Kwahani wameona nyumba zao za zamani zikivunjwa na maghorofa kusimama mahali pake, na hapa kwetu kila mwaka nyumba kadhaa huuzwa na warithi walio wengi na wasioelewana, zikajengwa majengo ya ghorofa mbili tatu ambayo chini yake ni fremu pana za kupangishwa kwa kodi na kilemba. Kwa macho, maduka yameongezeka. Kwa hesabu ya majirani wanaoishi kwa maduka hayo, yamepungua, kwa kuwa mahali palipokuwa na madirisha matatu ya watu wa mtaa pamekuwa na fremu moja ya mtu ambaye jioni hufunga mlango wa chuma na kwenda kwao.

Sijasema tusijenge. Nyumba za udongo haziwezi kudumu milele, familia zimekua, na ardhi ya mjini haizai nyengine. Nasema kwamba pamoja na vyumba vya kulala yafaa tukihesabu na chumba cha mbele. Wanazuoni wa fikihi wameijua kwa karne nyingi haki ya shufaa, ambayo kwayo mshirika katika mali isiyogawanywa hutangulizwa mbele ya mtu wa nje pale mwenziwe anapoiuza sehemu yake, na katika madhehebu ya Hanafi haki hiyo humfikia hata jirani. Mimi si mufti, na hukumu hiyo ni ya kuuza na kununua, si ya kupangisha. Lakini hekima yake, ya kwamba aliyekuwapo aulizwe kabla ya anayekuja, inaweza kutiwa katika vibali vya ujenzi bila ya kumdhulumu mjenzi. Palipokuwa na dirisha la biashara kabla ya kuvunjwa, pawe na chumba kidogo chini, kinachoelekea njia, chenye ukubwa wa chumba cha mbele cha zamani na si zaidi, na mwenye dirisha lile aulizwe kwanza, kwa kodi inayoanza chini na kupanda kwa miaka. Mwenye jengo hatapoteza kitu kikubwa: chumba cha namna hiyo ni sehemu ndogo ya jengo, na mpangaji wake atakuja na wateja wake wote siku ya kwanza.

Kinachozuia jambo hilo ni kwamba madirisha hayakuandikwa popote. Fidia, kwa desturi, hutazama kuta, paa na miti iliyomo kiwanjani. Mtu aliyeuza dirishani miaka thelathini hana karatasi ya kuonyesha, hasa mwanamke aliyeuza maandazi juu ya ungo na ambaye hakupata kukata leseni kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba alichokifanya ni biashara. Nimewafikiria sana kina mama hawa. Jioni za Ramadhani, baada ya alasiri, wao ndio wanaoujaza mtaa kaimati, tambi, mikate ya ajemi na mihogo ya nazi, na nyumba nyingi za Jang'ombe hufuturu kwa mikono yao. Nao pia wapewe mahali chini ya ghorofa, walau kibaraza kipana chenye kivuli na bomba la maji, kwa kuwa hawaombi fremu.

Kwa hiyo naomba tuanze kwa kuandika. Kila shehia iwe na daftari la madirisha: nyumba ipi, dirisha lilitobolewa mwaka gani, na nani, linauza nini sasa na liliuza nini kabla, nani analitegemea kwa chakula, na wauzaji wa milangoni waandikwe pamoja nao, kwa majina yao wenyewe, si kwa majina ya waume zao. Nakala moja ikae kwa sheha, moja ipelekwe Manispaa, na moja ibaki skuli, ili siku mjenzi anapokuja na ramani yake pawe na karatasi ya kuiweka kando yake. Masheha nimezungumza nao kabla ya mhadhara huu na hawakuwa na pingamizi, ila wametaka kuwapo na mashahidi wawili kwa kila nyumba, sharti ambalo naliona kuwa la haki. Na baadhi ya vijana waliomaliza kidato cha nne wamekubali kuifanya kazi ya kuandika, wakianzia mitaa iliyo nyuma ya skuli, Jumamosi hii baada ya sala ya alasiri.